Je, Wajua? Picha nzuri ya mtoto haihitaji megapikseli nyingi

Je, wajua kwamba kuchapa picha safi ya ukubwa wa posti kadi, inchi 4 kwa 6, kunahitaji megapikseli 2 na kidogo tu? Hesabu yake ni nukta 300 kwa kila inchi, yaani 1,200 kwa 1,800. Mzazi wa Tunduma au Vwawa anayechagua kamera asitishwe na namba kubwa zilizobandikwa kwenye boksi.

Cha kupima ni wepesi, maana mtoto hasubiri. Ukiwa dukani, mwelekezee kamera mtu anayetembea, bonyeza, kisha tazama: amenaswa pale alipokuwa, au nusu yake imeshatoka kwenye picha? Kamera nyingi ndogo huchelewa kwa sababu hutafuta fokasi kwanza. Dawa yake ni kubonyeza kitufe nusu na kushikilia. Mtoto akicheka, unamalizia. Zumu nayo iwe ya lenzi yenyewe. Ile ya kidijiti hukata picha na kuitanua tu, sura ikapoteza ukali.

Mkienda Ndolezi, wilayani Mbozi, kuona kile kimondo cha chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 12, jua la mchana litatia vivuli machoni mwa watoto. Washa flashi mchana huohuo. Nyuso zitaonekana vizuri.

Na ukiona kamera yako inachelewa, kumbuka kwamba kamera ya kwanza ya kidijiti, aliyoiunda Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975, ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja, tena nyeusi na nyeupe, kwenye kaseti.