Reli ya Mezani na Milima ya Umatengo

Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani wapo watu wazima wengi ambao kazi yao ya jioni, baada ya ofisi na baada ya chakula, ni kujenga reli. Reli hizo hukaa juu ya meza. Injini yake hukaa kiganjani, vituo vyake vina abiria wasiozidi urefu wa kucha mbili, na milima yake imeumbwa kwa wavu, magazeti na plasta. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha reli zake za namna hii katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, na tangu mwaka 2001 mjini Hamburg kuna jumba zima, Miniatur Wunderland, ambalo halina kazi nyingine ila kuonyesha dunia iliyopunguzwa kwa kiasi hicho. Mtu akisikia habari hizi kwa mara ya kwanza hudhani kuwa ni mchezo wa watoto ambao wakubwa wamekataa kuuacha.

Nilipokuwa masomoni Ujerumani nilialikwa mara kadhaa katika mikutano ya watu hao. Kila mmoja huleta alichokijenga mwezi huo, hukiweka mezani, na wenzake hukitazama kwa karibu na kukisema bila huruma. Jioni moja wazee wawili walibishana kwa muda wa saa nzima juu ya kokoto za chini ya mataruma: je, mchanga aliotumia mmoja wao ulikuwa mnene mno? Mimi niliyekuwa nimetoka maabara siku hiyo hiyo nilitambua kuwa ubishi ule ulikuwa fizikia tupu, ingawa wenyewe hawakuuita hivyo.

Yafaa tulichukue jambo hili na kulileta kwetu. Kwa miaka mingi sasa umekuwapo mpango wa reli ya kusini, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwendea kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Kusini iliwahi kuwa na reli: ile iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga, kutoka pwani hadi Nachingwea, na ambayo ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake kung'olewa. Lakini reli ile haikufika kamwe Umatengo. Mwanafunzi wa Mkumbi, wilayani Mbinga, ambaye ameuona moshi wa lori la makaa na hajaona garimoshi, husikia habari za reli hiyo redioni na hana njia ya kupima kama asikiayo ni jambo jepesi au zito. Nadhani reli ya mezani yaweza kumpa njia hiyo, mradi ajue mahali inaposema kweli na mahali inapodanganya.

Tuanze na uwiano. Ukubwa upendwao zaidi na mafundi hao huitwa HO, maana yake nusu ya ukubwa uliotangulia ulioitwa O, na uwiano wake ni 1 kwa 87. Reli ya upana wa milimita 1,435, kama ile mpya itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma, huwa milimita 16.5 mezani. Reli yetu ya Kati, ambayo upana wake ni mita moja, huwa milimita 11.5, ile ya TAZARA, milimita 1,067, huwa 12.3. Madukani huuzwa njia ya milimita 12, nayo hutumika kwa zote mbili bila mtu kunung'unika. Kwa hiyo juu ya meza reli hizi mbili zaweza kuunganishwa kwa dakika moja, hali katika dunia ya kweli tofauti ya milimita 67 ilitulazimu kujenga kituo cha kuhamishia shehena pale Kidatu.

Sasa tuchukue injini. Wasomaji waliopata kuzuru Makumbusho ya Reli ya Nairobi wameiona injini ya mvuke iitwayo Mount Gelai, mojawapo ya zile 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer Peacock ya Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, na ambazo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Urefu wake ni karibu mita 32, na uzito wake ni karibu tani 256. Gawanya urefu kwa 87: utapata sentimita 37 hivi. Mwanafunzi mwenye haraka atagawanya na uzito kwa 87, naye atapata tani tatu kasoro, yaani uzito wa kuvunja meza na sakafu. Hatuna budi kumkumbusha kuwa injini imepunguzwa urefu, upana na kimo pia. Uzito hugawanywa kwa 87 mara tatu, yaani kwa 658,503. Jibu ni gramu 390, pungufu ya nusu kilo ya sukari.

Hapa ndipo reli ya mezani inapoanza kudanganya. Nguvu ya nguzo au ya boriti hutegemea eneo la mkato wake, na eneo hupungua kwa 87 mara mbili tu, hali mzigo umepungua kwa 87 mara tatu. Basi daraja la mezani, likijengwa kwa vitu vyenye uimara ule ule, hubeba kwa wepesi mara 87 kuliko daraja la kweli la umbo lile lile. Daraja la vijiti vya kiberiti likisimama juu ya meza halituambii hata kidogo kama daraja la magogo la umbo hilo lingesimama juu ya Mto Ruhuhu. Nimewahi kuona maonyesho ya shule ambamo mwanafunzi alisifiwa kwa sababu daraja lake halikuanguka. Afadhali angeulizwa lingeanguka likiwa kubwa mara ngapi.

Maji nayo hukataa kabisa kupunguzwa. Tone la maji lililokaa juu ya meza lina upana wa milimita nne hivi. Mezani hapo ni sawa na tone la sentimita 35, kubwa kuliko kichwa cha abiria anayelitazama. Mvutano wa uso wa maji, ambao ziwani hatuuoni, huwa ndio mtawala. Ndiyo maana mafundi hawa hawatii maji katika maziwa yao. Humwaga vanishi au gundi angavu, tabaka juu ya tabaka. Muda pia una kanuni yake. Jiwe likianguka kutoka kimo cha mita 87 hutumia sekunde 4.2 hivi, kutoka mita moja hutumia sekunde 0.45. Tofauti yao ni mara 9.3, nayo ndiyo kipeuo cha pili cha 87. Mhandisi Mwingereza William Froude alitumia kanuni ya namna hiyo alipokuwa akivuta vielelezo vya meli ndani ya birika lake kule Torquay katika miaka ya 1870, na tangu hapo meli kubwa hupimwa kwanza zikiwa ndogo.

Turudi kwa wazee wangu wawili na kokoto zao. Kokoto za reli huwa na upana wa sentimita nne hadi sita. Gawanya kwa 87: ni nusu milimita hadi milimita 0.7. Mchanga wa mto uliopita katika kichungio cha kawaida kisha ukakataa kupita katika chujio la chai hukaribia kipimo hicho. Mzee aliyelalamika alikuwa na haki.

Mandhari ndiyo sehemu ambayo mafundi wa ng'ambo hutumia muda mrefu zaidi, na ambayo sisi tungewazidi. Umatengo una sura isiyopatikana kwingine: miteremko iliyochorwa kwa ngoro. Wazee wa Kimatengo hufyeka nyasi, huzilaza chini katika mistari inayopishana kuwa miraba, kisha huchimba udongo wa katikati na kuufunikia nyasi hizo. Hubaki mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki, na mazao hupandwa juu ya matuta. Mvua ikinyesha maji hutuama mashimoni wala hayakimbii na udongo. Shimo la upana wa mita moja na nusu, mezani ni milimita 17. Basi wavu wa kuku wenye matundu ya ukubwa huo, ukibonyezwa juu ya udongo wa mfinyanzi uliolowa kisha ukaondolewa, waweza kuacha sura ya shamba la ngoro. Unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani utafanya majani, na vichwa vya nyasi kavu vitafanya mibuni. Magazeti na uji wa unga wa muhogo hutosha kuwa ngozi ya mlima. Sioni sababu ya kuagiza kitu chochote kutoka nje, isipokuwa labda injini yenyewe; na hata hiyo, kwa yale nitakayoyaeleza, haihitajiki. Watoto wetu wamekuwa wakiunda magari ya waya, mabua na vizibo vya chupa tangu zamani, tena yanayokata kona kwa usukani. Wanachokosa ni rula tu.

Lakini tukitaka kuijenga njia yote ya kutoka Mbinga hadi ziwani kwa uwiano wa HO, tutakwama mara moja. Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Tuseme, kwa hesabu nyepesi, kuwa reli yetu yaanzia kwenye mwinuko wa mita 1,375. Tofauti ni mita 900. Gawanya kwa 87, na mlima wetu wa mezani una kimo cha zaidi ya mita kumi. Utatoboa paa la darasa. Mafundi wa ng'ambo hutoka katika shida hii kwa kukata: huchukua kilomita moja hapa, nyingine pale, na kuziunganisha kana kwamba zilikuwa jirani. Kadhalika hupinda njia zao kupita kiasi. Kona ya mezani yenye nusu kipenyo cha sentimita 45 ni sawa na kona ya mita 39, ambayo garimoshi la mizigo haliwezi kuipita. Kona ya kweli ya mita 200 ingehitaji meza yenye upana wa karibu mita tano. Wengi wao hufanya kazi kwa vipande: kila mwanachama hujenga kipande kimoja nyumbani kwake, wakiwa wamekubaliana tu juu ya kimo cha meza na mahali njia inapotokea ukingoni, kisha vipande huunganishwa siku ya mkutano. Shule ya Mkumbi yaweza kujenga kipande cha ngoro, na shule ya Mbamba Bay kipande cha gati.

Kipo kitu kimoja ambacho reli ya mezani haikipunguzi wala kukikuza, nacho ni mteremko. Kupanda mita 2 katika kila mita 100 ni sawasawa na kupanda sentimita 2 katika kila sentimita 100, kwa sababu uwiano hauna kizio. Garimoshi la tani 1,000 likipanda mteremko huo huhitaji nguvu ya ziada iliyo sawa na uzito wa tani 20. Ligawanye kwa 658,503: ni kigari cha kilo moja na nusu, nacho huhitaji nguvu ya ziada iliyo sawa na uzito wa gramu 30. Mwalimu achukue ubao wa mita moja, auinue upande mmoja kwa sentimita 2, akivute kigari cha uzito huo kwa mizani ya springi, kwanza ubao ukiwa tambarare, kisha ukiwa umeinuliwa. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo gharama ya mlima, na hapo hakuna udanganyifu wowote. Kisha aulize: mteremko ukiwa 4 kwa 100, je, injini moja itatosha?

Tukikubali 2 kwa 100 kuwa kikomo, mita 900 zahitaji njia ya kilomita 45 isiyopumzika. Hapa meza iachwe, ramani ichukuliwe. Katika ramani ya 1:50,000 yenye kontua za kila mita 20 (mwenye ramani ya zamani ya futi atabadili hesabu mwenyewe), mteremko huo wataka umbali wa mita 1,000 kati ya kontua moja na ya pili, yaani sentimita 2. Mwanafunzi afungue bikari yake kwa sentimita 2, aweke ncha moja kwenye kontua ya kuanzia, na atafute mahali ncha ya pili inapogusa kontua inayofuata kwa chini. Kisha tena, na tena, mara 45. Penye uwanda kontua zitakuwa mbali kuliko bikari, naye atakwenda moja kwa moja. Penye ukingo wa bonde zitakuwa zimesongamana, na hapo ataona mstari wake ukikataa kushuka, ukitambaa kando ya mlima, ukiingia kila korongo na kutoka. Wajerumani walipojenga reli ndogo ya Sigi, katika Usambara ya Mashariki, walikutana na hali hiyo hiyo. Waliifanya njia irudi kinyumenyume kwa vigeugeu. Wachina na wenzetu wa TAZARA, kati ya Mlimba na Makambako, walitoboa mahandaki 18.

Atakayejenga mlima huo kwa karatasi ngumu, tabaka kwa kila kontua, aonywe jambo moja. Kwa uwiano wa 1:50,000 mita 900 ni sentimita 1.8 tu, na kielelezo kitaonekana kama chapati. Wengi hukuza kimo mara tano ili mlima upendeze. Wafanye hivyo wakitaka, lakini wajue kuwa mteremko wa 2 kwa 100 nao umekuwa 10 kwa 100, na mgeni atakayekitazama ataapa kuwa reli haiwezi kupita hapo.

Mwisho, uzi wa kushonea ulazwe juu ya mstari wa bikari tangu juu hadi ufukweni, pembe zake zikilainishwa kwa duara la milimita nane, takriban kifungo kidogo cha shati, ambalo ndilo kona ya mita 200. Uzi ukinyooshwa na kupimwa kwa rula hautakuwa sentimita 90 kamili. Kila sentimita iliyozidi ni nusu kilomita ya vyuma, mataruma na kokoto, na darasa laweza kuanza kubishana ni wapi pa kuipunguza kwa daraja, ni wapi kwa handaki, na mashamba ya ngoro ya nani yatakatwa.