Uvimbe Katika Titi: Je, Ni Lazima MRI?

Mama mmoja alifika kwetu na uvimbe katika titi la kushoto. Aliugundua wakati wa kupanda, na sasa mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Nilipomwuliza kwa nini amekawia, alijibu: "Sista, nilikuwa natafuta fedha za MRI. Hata mbuzi nimeuza. Nimeambiwa kansa haionekani bila mashine ile."

Basi akina mama wapendwa, tuieleze mashine hiyo.

MRI haitumii mionzi kama eksirei. Ina sumaku yenye nguvu nyingi na mawimbi ya redio, na kompyuta hutengeneza picha za titi vipande vipande, mfano wa mkate uliokatwa. Mgonjwa hulala kifudifudi kwa nusu saa hivi, na kelele ni nyingi. Vyuma huachwa nje, hata rozari na vibanio vya nywele. Kisha huchomwa mshipani dawa iitwayo gadolini. Kansa hujitengenezea mishipa mingi ya damu yenye kuvuja, kwa hiyo dawa huingia upesi katika uvimbe, nao hung'aa kwenye picha. Mjamzito au mwenye ugonjwa wa figo amweleze daktari kwanza.

Ni kipimo kizuri kwelikweli. Huwafaa wenye hatari kubwa ya kurithi ugonjwa huu katika ukoo. Hufaa pia pale kansa inapoonekana kwapani lakini titini hakuna kitu, au kuangalia kama dawa zinapunguza uvimbe kabla ya upasuaji. Lakini hata vivimbe visivyo na ubaya huweza kung'aa. Picha peke yake haithibitishi kansa. Jibu hutoka katika kinyama kinachochukuliwa kwa sindano na kuangaliwa kwa hadubini.

Kwa uvimbe unaoshikika kwa mkono, anza na hospitali iliyo karibu. Utapapaswa matiti na makwapa, utapimwa kwa ultrasaundi au eksirei ya matiti, kisha kinyama. Ikibidi, utapewa barua ya rufaa kwenda KCMC Moshi, au Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo ni taasisi ya saratani tangu 1996. Usingoje maumivu, uvimbe wa kansa mara nyingi hauumi mwanzoni. Chuchu ikizama, ikitoa damu, au ngozi ikiwa kama ganda la chungwa, njoo wiki hiyo hiyo.

Yule mama alichukuliwa kinyama, wala MRI haikuhitajika. Ilikuwa kansa, nayo ilikwisha kufika kwapani.