Je, Mkristo Aweza Kulima Muguka?

Mazungumzo ya redioni. Somo: Warumi 14:1 hadi 15:7

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo limewafanya ndugu wengi wanuniane, na wengine hata kukataa kukaribia Meza ya Bwana pamoja. Jambo lenyewe ni hili: Mkristo afanye nini, ikiwa kazi inayowalisha watoto wake ni kazi ambayo Mkristo mwenzake aiona kuwa dhambi?

Yako mambo ambayo hayana ubishi. Kuiba, kuzini, kusema uongo, kumnyima kibarua ujira wake: hayo Neno la Mungu limekwisha kuyaamua, wala hatuhitaji kuitisha mkutano ili kuyajadili. Lakini yako mambo mengine ambayo Maandiko hayakuyataja kwa jina, na ambayo watu wampendao Bwana kwa moyo mmoja huyaona kwa namna mbili. Ili tusiseme maneno matupu, na tuchukue jambo moja lililo karibu nasi, yaani kilimo cha miraa na muguka.

Wengi wenu mwaijua mimea hii. Miraa na muguka ni mmea wa aina moja. Miraa ya Meru hutafunwa vijiti vyake vichanga. Muguka wa Embu, hasa upande wa Mbeere, hutafunwa majani, na bei yake ni nafuu zaidi. Ndani ya mmea huu mna kitu kiitwacho kathinoni, ambacho humchangamsha mtu na kumwondolea njaa na usingizi. Nguvu yake hupungua upesi baada ya kuchumwa, kwa muda wa siku mbili hivi. Ndiyo sababu magari yanayoubeba hukimbia mchana na usiku. Anayezidisha kutafuna hukosa usingizi, hupoteza hamu ya chakula, na fedha za nyumba yake huishia mdomoni.

Hata serikali za dunia hazisemi neno moja juu ya mmea huu. Uingereza iliupiga marufuku mwaka 2014. Hapa Kenya, Sheria ya Mazao ya mwaka 2013, pamoja na marekebisho yaliyofuata, inautambua kuwa zao halali la mkulima. Na hapo hapo NACADA, shirika la serikali linalopambana na ulevi na dawa za kulevya, limekuwa likiwaonya vijana juu yake. Mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kuupiga marufuku muguka. Wakulima wa Embu wakalia, na Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hayo.

Sasa, wapendwa, tazameni jinsi jambo hili linavyoingia kanisani. Kanisa la Anglikana lina Wakristo Embu, na lina Wakristo Mombasa. Wote huungama Imani ile ile, na wote hula mkate ule ule. Tuseme kwamba huko Mbeere yuko baba mmoja, mzee wa kanisa. Nchi ni kavu. Mahindi hukauka mara kwa mara kabla hayajabeba. Muguka peke yake ndio humletea fedha wiki hata wiki. Kwa fedha hizo amelipa karo, ametoa sadaka, na amenunua mabati ya paa la kanisa. Tuseme tena kwamba huko Kisauni, Mombasa, yuko mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama. Kijana wake alianza kutafuna akiwa shuleni. Sasa halali, hali, wala hafanyi kazi, na vyombo vya nyumbani vinapotea kimoja kimoja. Baba yule husema, "Mungu ameninusuru kwa mmea huu." Mama yule husema, "Mmea huu umeniulia mtoto angali hai." Wote wawili wanasali. Je, tutamwambia nani kati yao kwamba si Mkristo?

Mtume Paulo aliwaandikia watu waliokuwa katika shida iliyofanana na hiyo. Katika Matendo 18 twasoma kwamba Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi kutoka Roma, na miongoni mwao walikuwamo Akila na Prisila, mafundi wa kushona mahema. Klaudio alikufa mwaka 54, na Wayahudi wakaanza kurudi. Waliporudi waliwakuta Wakristo wa mataifa wamekwisha kujizoesha kuabudu bila wao. Hawa walikula kila kitu; wale wengine walikula mboga tu, maana waliogopa nyama isiyochinjwa kwa sheria yao, au iliyopita katika hekalu la sanamu. Hawa waliziona siku zote kuwa sawa. Wale walizishika siku maalum. Ugomvi ukawa mezani, mahali ambapo undugu ulipaswa kuonekana.

Tusomapo barua ile twaona jambo la kushangaza. Paulo alikuwa na maoni yake mwenyewe, naye hakuyaficha: yeye aliamini kwamba chakula chenyewe si najisi. Walakini hakuwaamuru wote wafuate maoni yake. Aliwakemea wote wawili, kila mmoja kwa kosa lake. Yule anayekula alionywa asimdharau ndugu yake. Yule asiyekula alionywa asimhukumu. Maana hayo ndiyo majaribu yetu hata leo. Aliye huru humcheka mwenzake na kumwita mshamba wa imani. Aliye mkali humtazama mwenzake kama mtu aliyekwisha kupotea. Paulo auliza: wewe u nani hata umhukumu mtumishi wa mtu mwingine? Yeye ana Bwana wake.

Lakini hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Ndugu aliye mkali atatuambia, "Nyama ya Roma haikumkosesha mtu usingizi, wala haikumwondoa kijana shuleni." Atakuwa amesema kweli. Kwa hiyo haitoshi mkulima kufungua Warumi 14 na kusema, "Basi niacheni." Sura hiyo hiyo inayomlinda asihukumiwe ndiyo inayomuuliza maswali matatu, na kila mtu mwenye kazi ya mashaka yampasa kuyajibu mbele za Mungu.

Swali la kwanza: Je, naweza kumshukuru Mungu kwa kazi hii? Paulo asema kwamba anayekula hula kwa Bwana, kwa kuwa amshukuru Mungu. Ikiwa mtu hawezi kupiga magoti asubuhi na kuitaja kazi yake kwa jina mbele za Bwana, bali huipita haraka haraka katika maombi yake, na ajue kwamba moyo wake umekwisha kusema jambo.

Swali la pili: Je, nina hakika, au najilazimisha? Mwisho wa sura ile twafundishwa kwamba mtu atendaye jambo huku ana shaka amejihukumu mwenyewe, hata kama jambo lenyewe si baya. Twawafahamu watu wanaofanya kazi kwa kuwa wengine wote wanaifanya. Wingi wa watu si dhamiri. Kadhalika asiyelima asijisifu, kama hakulima kwa sababu tu shamba lake halifai.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: Je, yuko mtu aliyefiwa na Kristo ambaye anabomolewa na kazi yangu? Paulo hazungumzi juu ya mtu aliyechukizwa tu. Wako watu wanaochukizwa na kila kitu, na Kanisa haliwezi kuongozwa na manung'uniko yao. Yeye azungumza juu ya mtu anayeangamia. Mkulima wa Mbeere hamwoni kijana wa Kisauni. Kati yao kuna barabara ndefu na wachuuzi wengi. Lakini Mungu awaona wote wawili.

Hapo ndipo twatambua ya kwamba hata ndani ya jambo lenye mashaka yako mambo yaliyo wazi kabisa. Kumwuzia mtoto wa shule si jambo la mashaka. Kumtoa mtoto darasani ili akachume majani si jambo la mashaka. Kumlipa mchumaji chini ya mliyopatana si jambo la mashaka. Kuendesha gari kwa mwendo wa kuua watu, ili mzigo usinyauke, si jambo la mashaka. Hizo ni dhambi, na mzee wa kanisa anayezitenda asijifiche nyuma ya Paulo. Kumbukeni watoza ushuru na askari waliomwendea Yohana Mbatizaji wakiuliza wafanye nini. Yohana hakuwaambia waache kazi zao. Aliwaambia waache kutoza kupita kiasi, na kudhulumu, na kusingizia watu. Lakini kumbukeni pia watu wa Efeso katika Matendo 19, waliokuwa wakifanya uganga: wao walivichoma vitabu vyao vyenye thamani ya fedha elfu hamsini. Yako toba ambayo hubadili namna ya kufanya kazi, na iko toba ambayo huiacha kazi yenyewe. Roho Mtakatifu ndiye ajuaye ipi ni ya nani.

Na ninyi mnaompinga mkulima, tunalo neno kwenu pia. Ni rahisi kuikataa kazi ya mtu mwingine. Je, umekwisha kumwuliza atawalisha nini watoto wake? Na wewe unayemhukumu, umekalia benchi lililonunuliwa kwa harambee aliyochangia. Ikiwa twataka aache muguka, na tukae naye chini, tuzungumze juu ya ndengu, na mtama, na maembe, mazao ambayo Mbeere huyajua. Tumsaidie kutafuta maji na soko. Mti hauondolewi kwa siku moja, na karo haingoji. Kumwambia mtu "Acha" bila kumshika mkono ni kumtwika mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi hata kwa kidole.

Kanisa la Afrika Mashariki limepata kuumia katika mambo kama haya. Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda, na kuingia Kenya mwaka 1937, uliwaunganisha watu wa makabila mengi chini ya msalaba. Walakini katika miaka ya 1970 ndugu wa uamsho huko Uganda waligawanyika, na moja ya mambo waliyobishania lilikuwa deni: je, mtu aliyeokoka aweza kukopa? Waliokataa mikopo walikuwa na sababu, kwa maana waliona jinsi deni linavyomfanya mtu mtumwa. Waliokopa nao walikuwa na sababu, kwa maana walitaka kuwasomesha watoto na kujenga. Leo Wakristo wengi wamo katika vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, na mikopo hiyo haileti tena ugomvi ibadani. Lakini ndugu waliokuwa wakitembea nuruni pamoja waliachana. Hoja inaweza kuzeeka na kusahauliwa, na jeraha likabaki.

Labda mtatuuliza, "Ninyi wenyewe mwasemaje?" Sisi twaona ya kwamba mkulima Mkristo, akipata njia nyingine ya kuwalisha watu wake, ni heri aifuate, kwa ajili ya yule kijana na mama yake. Lakini hatuoni ruhusa katika Neno la Mungu ya kumfukuza Mezani mtu anayelima kwa dhamiri safi, asiyemdhulumu mtu, na aliye tayari kusikia. Tungependa baba yule siku moja asafiri hadi Kisauni, aketi katika nyumba ya mama yule, asikie habari za kijana wake. Tungependa mama yule naye afike Mbeere wakati wa kiangazi, auone udongo ulivyo, na watoto walivyo. Pengine hawatakubaliana hata hapo. Lakini watakapoombeana watakuwa wanaombea watu wanaowajua.

Tulilolisema juu ya muguka, kila mmoja wenu alipime katika kazi yake. Yuko anayelima tumbaku, yuko anayelima shayiri ya kiwanda cha bia, yuko mhudumu wa hoteli anayepeleka chupa mezani, yuko karani katika duka la kamari. Msimdharau aliye na shaka. Msimhukumu asiye na shaka. Kila mmoja ajiulize maswali yale matatu, kisha tupokeane kama Kristo alivyotupokea sisi. Naye alitupokea tukiwa bado hatujanyooka.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyetupa mikono ya kufanya kazi na dhamiri ya kutuongoza, utuonyeshe kazi zetu kama wewe uzionavyo. Wape wakulima wa nchi kavu mvua na njia iliyo njema. Uwarudishe vijana waliofungwa na kileo na majani, uwafute machozi mama zao. Utuondolee dharau na hukumu, utukalishe katika Meza moja, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.