Mhusika Mkuu Hakui Peke Yake

Juzi jioni nilikuwa nikitoka Ngome ya Yesu na kuingia Ndia Kuu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, nilipoitwa kwa nyuma. "Masalkheri, mwalimu. Zile alama zangu mbili bado nakudai!" Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi naye ni mwalimu. Tulicheka, lakini deni lenyewe ni la kweli.

Nilimfundisha wakati Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyotolewa mwaka 2012, ilipokuwa ikitahiniwa katika kidato cha nne. Niliuliza swali la kawaida: eleza sifa na umuhimu wa Imani. Yeye, badala ya kuorodhesha, aliandika kwamba bila ya Imani, Amani angaligeuka kuwa Mtemi Nasaba Bora wa pili. Jawabu hilo halikuwamo katika mwongozo wangu, nami nikamnyima alama. Leo nakiri kwamba nilikosea.

Tomoko, nchi ya kubuni ya riwaya hiyo, imepata uhuru lakini haijapata haki. Ardhi huporwa, na wasio na hatia hufungwa. Katika riwaya za namna hii, ambazo wahakiki huziita za kidistopia, dhuluma hutawala kwa kumtenga kila mtu na jirani yake. Ndiyo maana mhusika mkuu hazaliwi na ujasiri. Hupewa na walio kandoni mwake.

Amani anaingia Sokomoko akiwa ameibiwa mswada na jamaa zake wamedhulumiwa. Mtu wa namna hiyo yu karibu mno na kisasi. Imani, ambaye naye amepoteza mama na makao kwa ukatili wa wenye nguvu, anashirikiana naye kumlea mtoto mchanga aliyetupwa mlangoni, na hivyo uchungu wao unageuka huruma. Matuko Weye, aitwaye mwendawazimu, anatamka hadharani yale ambayo wenye akili zao huyanong'ona. Madhubuti, mwana wa Mtemi, anakataa neema za baba yake, na kwa kitendo hicho Amani anatambua kwamba adui ni dhuluma, si ukoo.

Aidha, katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), K ameshiba katikati ya wenye njaa. Haamki kwa hiari yake. Yahitaji babu aliyekwisha kufa amshike mkono na kumwonyesha nchi yake mwenyewe.

Sisi wa Mji wa Kale tusingestaajabia hayo. Barazani hapa mtoto huonywa na shangazi, jirani na hata muuza kahawa. Wahenga walisema: mkono mmoja haulei mwana.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tusiwafanye wahusika wasaidizi kuwa orodha ya kukaririwa. Tuwaulize wanafunzi: lau huyu asingalikuwapo, mhusika mkuu angalikosa nini? Nanyi wanafunzi, jibuni kwa ithibati kutoka kitabuni, hata kama mwongozo umenyamaza.

Alama zile mbili siwezi tena kuzirudisha. Nilimwomba mwenzangu yule awape wanafunzi wake, siku watakapomjibu jambo ambalo hakulitarajia.