"Angevuka" Si "Alivuka": Somo kwa Askari wa Mpakani

Askari alindaye ufuko wa Kashikishi, wilayani Nchelenge, yampasa kuwa na sikio jepesi. Lugha kuu ya mwambao huo ni Kibemba. Kiswahili nacho huja na wafanyabiashara kutoka Kongo, ng'ambo ya Ziwa Mweru, na wakimbizi waliopewa makazi Mantapala tangu mwaka 2018.

Tuchukue mfano. Ni Januari, na kama ilivyo desturi tangu Disemba mosi hadi mwisho wa Februari, uvuvi umepigwa marufuku. Mtu anaulizwa: "Ulivuka usiku kwenda kuvua?" Anajibu: "Ningalivuka, lakini upepo ulinizuia." Mwandishi wa maelezo akiandika "alikiri kuvuka", mtu asiye na hatia atalala mahabusu kwa sababu ya silabi mbili tu. Kwani "-nge-" hutaja jambo ambalo lingewezekana iwapo sharti lingetimizwa, na "-ngali-" hutaja lililokwisha kupita pasipo kutendeka.

Mtihani huo huzidi lugha zinapokuwa mbili. Katika jeshi la amani la Umoja wa Mataifa nchini Kongo, Uruguay, ambayo watu wake husema Kihispania, ilipeleka kikosi mwaka 2001. Tanzania nayo ilipeleka chake mwaka 2013. Ndugu zetu wa namna hiyo wakikutana kazini, hawana budi kufahamiana.

Kuvuka kwa Kihispania ni "cruzar". Kitenzi hubaki kizima, kisha huongezwa viishio: yo cruzaría, ningevuka, tú cruzarías, ungevuka, él cruzaría, angevuka, nosotros cruzaríamos, tungevuka, vosotros cruzaríais, mngevuka, ellos cruzarían, wangevuka. Nchi za Amerika badala ya "vosotros" husema "ustedes cruzarían". Viishio hivyo havibadiliki hata kwa "comer", kula, na "vivir", kuishi: comería, viviría. Kwa lililopita bila kutendeka husemwa "habría cruzado", angalivuka.

Hata hivyo, askari na ajihadhari na mitego mitatu. Kwanza, "cruzaría" ni "ningevuka" na pia ni "angevuka". Kiswahili humtaja mtendaji mwanzoni mwa neno. Kihispania mara nyingi humwacha msikilizaji amtambue mwenyewe. Hapo sharti kuuliza: ni nani?

Pili, "dijo que cruzaría" maana yake ni "alisema kwamba atavuka". Ukifasiri "alisema angevuka", msikilizaji atadhani safari imevunjika, na doria itarudi kambini wakati mashua iko njiani.

Tatu, magazeti ya Kihispania hutumia umbo hili kwa habari isiyothibitishwa. "El jefe habría cruzado" huweza kumaanisha "inasemekana mkuu amevuka". Huo ni uvumi. Usiandikwe kuwa ni kweli, wala usikanushwe kuwa hakuvuka.

Dawa ya yote ni moja: yaandike maneno kama yalivyotamkwa, kisha uulize tena, "Je, ulivuka au hukuvuka?" Wahenga walinena kwamba "ningalijua" huja nyuma. Kwa askari mwangalifu, swali hilo moja hutangulia mbele, kabla kalamu haijamtia mtu hatiani.