Jua la Kaptagat na Utando wa Kutenganisha Maji

Kaptagat, karibu na Eldoret, iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na si mbali na ikweta, na kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi, jua lake hufika na miale mingi zaidi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, kuliko nyanda za chini. Kwa miale ya aina hiyo Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha, mwaka 1972, kwamba dioksidi ya titani iliyotumbukizwa majini na kumulikwa huweza kuyatenganisha maji yakawa haidrojeni na oksijeni. Madini hayo si mageni Kenya: rutili iliyochimbwa Kwale hadi mwishoni mwa 2024, ikasafirishwa ng'ambo, ni dioksidi hiyo hiyo.

Hata hivyo, urujuanimno ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua, na mwinuko wa Kaptagat hauwezi kuifidia kasoro hiyo. Ndiyo maana watafiti waligeukia hematiti, oksidi ya chuma inayoupa udongo mwekundu rangi yake, ambayo hufyonza mwanga unaoonekana na ni rahisi kupatikana. Ila ndani yake chaji chanya inayoachwa na elektroni iliyosukumwa na mwanga husafiri nanomita chache tu, yaani sehemu chache za milioni za milimita, kabla ya kupotea, ilhali mwanga huhitaji unene wa mamia ya nanomita ili ufyonzwe vizuri. Dawa yake ni umbo: utando hujengwa kwa vijiti vidogo mno vilivyosimama wima, mwanga ukashuka kwa urefu wa kijiti huku chaji ikikatiza upana wake mfupi hadi kwenye maji. Juu ya vijiti hupakwa tabaka la madini mengine linalotenganisha chaji, kisha kichocheo kinachoharakisha utokaji wa oksijeni, na mchanganyiko huo ndio utando changamano.

Mkakati wa Kenya wa haidrojeni ya kijani, yaani inayotengenezwa kwa nishati jadidifu, uliozinduliwa Septemba 2023, ulitanguliza mbolea ya naitrojeni, ambayo hutengenezwa kwa haidrojeni, jambo la maana kwa wakulima wa mahindi wa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret. Kwa sasa, hata hivyo, paneli za kawaida za sola zikiunganishwa na mtambo wa kutenganisha maji kwa umeme ni njia ya busara zaidi, kwa sababu paneli za utando za mita za mraba 100 zilizojaribiwa juani nchini Japani, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2021, zilifikia ufanisi wa asilimia 0.76 tu.