Si kila king'aacho ukutani ni marumaru

Mwuza nyama mmoja wa Soko la Burma, hapa Eastlands jijini Nairobi, alinisifia juzi ukuta mweupe wa duka lake: "Hii ni marumaru, mwalimu, si hizo tiles za kawaida." Kwa ruhusa yake nikaukamulia tone la ndimu ya kachumbari. Hakuna kilichochemka. Kilikuwa kigae, yaani udongo uliochomwa na kupakwa rangi ya kung'aa.

Hayuko peke yake. Nchini Tanzania, mafundi wengi wakitaja marumaru wanamaanisha vigae hivyo hivyo. Waarabu husema marmar, Wagiriki wa kale walisema marmaros, na wote walikusudia jiwe. Kwetu neno limeliacha jiwe likaufuata mng'ao.

Jiwe lenyewe huchimbwa Kajiado, si mbali na Nairobi. Asili yake ni mashapo yaliyotulia chini ya bahari, yakawa mwamba wa kalsiti na dolomiti. Kisha mabara yakagongana, kiasi cha miaka milioni 600 iliyopita, na mwamba ule ukakandamizwa na kupikwa ardhini hadi ukawa marumaru. Milima iliyoinuka wakati huo imemomonyoka. Tunayoyakanyaga ni mashina yake. Mwaka 1951 Arthur Holmes aliupa ukanda huo jina la Msumbiji, ingawa unapitia pia Tanzania na Kenya kuelekea kaskazini.

Kalsiti ni kabonati ya kalisi. Ikiguswa na asidi hutoa povu, ndiyo sababu ndimu huharibu mng'ao wa meza ya marumaru. (Kigae hakijali. Kwa duka la nyama, labda ndicho bora!) Dolomiti ina magnesi pia, nayo ni mvivu: haichemki vizuri mpaka isagwe.

Linalonikera zaidi ni neno chokaa. Jiwe lisilochomwa tunaliita chokaa. Likichomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kilo 100 za kalsiti safi hupoteza kilo 44 za gesi ya kaboni na kubakisha kilo 56 za kitu kingine kabisa; nacho ni chokaa. Kikimwagiwa maji hutokota, kikawa unga wa kupaka kuta, na bado ni chokaa! Wazee wa Lamu waliochoma matumbawe kwa kuni walijua vyema hatua hizi, lakini gunia la dukani halizitaji.

Hili si suala la kamusi tu. Unga wa jiwe lisilochomwa mkulima anaweza kuushika akipunguza asidi shambani. Ule uliochomwa, ukiingia kwenye jicho lenye machozi, huunguza na unaweza kupofusha. Ningependa tuseme "jiwe la chokaa" kabla ya moto, "chokaa kali" baada ya moto, na "chokaa iliyozimwa" baada ya maji. Kama fundi wako ana maneno mazuri kuliko haya, niandikie.